Neno "liahirishwe" kwenye daftari la kikao: tunaikiri imani, je, tunaiishi?

KaraniWaBaraza aliuliza:

Bwana asifiwe, wapendwa. Mnivumilie, nitaandika kirefu. Jambo hili limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa, na usharikani sijapata wa kumweleza bila kuonekana nachongea watu.

Mimi ni karani wa baraza la wazee, mwaka wa sita huu nashika kalamu hiyo. Kazi yenyewe mnaijua: mahudhurio, kufungua kwa sala, yatokanayo, mapato na matumizi, mengineyo, kufunga. Kikao kikiisha mwenyekiti anasaini, nasaini, daftari linarudi kabatini. Wiki tatu zilizopita niliombwa nikusanye maamuzi ya mwaka mzima kwa ajili ya taarifa ya mkutano mkuu. Nikaketi na daftari, nikaanza ukurasa wa kwanza, naandika pembeni lililoamuliwa na lililosubiri.

Majoho ya kwaya yalichukua vikao vitatu: rangi, kitambaa, nani ashone. Yakashonwa. Vipaza sauti vikachukua vikao viwili na kamati ndogo. Vikanunuliwa. Sina ugomvi na hayo. Kwaya inapendeza, na wazee wanaokaa nyuma sasa wanalisikia Neno.

Kisha nikafika kikao cha mwezi wa nne. Chini kabisa, kwenye mengineyo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Suala la familia ya ndugu aliyefungwa. Wajumbe walisikitika. Iliamuliwa suala liahirishwe hadi kikao kijacho." Nikafunua kikao kijacho, hamna. Nikafunua kilichofuata, hamna. Nilikwenda hivyo hadi ukurasa wa mwisho wenye wino. Halikurudi hata kwenye yatokanayo, na anayeandaa yatokanayo ni mimi.

Niwaeleze ilivyokuwa. Ndugu huyo alikuwa mshirika wa miaka mingi. Alishtakiwa kwa kuiba fedha kazini kwake, akakutwa na hatia, akafungwa. Aliyeibiwa naye ni mshirika wetu, hukaa benchi la tatu upande wa kulia. Mkewe aliendelea kuja Jumapili nne au tano hivi, na watoto watatu. Jumapili moja naikumbuka vizuri kwa sababu niliketi nyuma yao. Yule mtoto mdogo alikuwa amesimama juu ya benchi, ametugeuzia uso sisi wa nyuma, anatabasamu na kila anayemtazama. Benchi lile hukaa watu wanane. Walikuwa wao wanne tu. Waliochelewa waliingia, wakaiona nafasi, wakaenda kusimama ukutani.

Tulipofika kwenye Imani ya Mitume tukasimama wote. Nikajisikia nikisema "ushirika wa watakatifu" juu ya kisogo cha yule mama. Naye alikuwa akiikiri, sauti ya chini, mkono mmoja umemshika mtoto kiunoni asianguke.

Baada ya hapo hawakuonekana tena. Hakuna aliyewafukuza. Hakuna aliyewatolea neno baya, nathubutu kuapa. Tuliahirisha tu.

Sasa naomba shauri. Nisimame mkutano mkuu niusome ukurasa ule kama ulivyo, mbele ya wote? Nahofia nitawaaibisha wazee na kumtonesha kidonda mama wa watu. Nikinyamaza, nitaandika taarifa nzuri yenye majoho na vipaza sauti, na nitakuwa nimeshiriki. Na swali kubwa zaidi, ambalo halinipi usingizi: usharika ufanye nini ili kile unachokikiri Jumapili kionekane pia kwenye daftari lake?

---

MzeeWaKanisa alijibu:

Dada karani, amani ya Bwana. Nami ni mzee wa kanisa, miaka kumi na minne, na nitasema upande ambao hautapendwa.

Umemtaja aliyeibiwa kwa sentensi moja tu, ukaendelea. Huyo naye ni kondoo. Baraza lingekwenda kwa familia ya aliyemwibia wakati kesi ndiyo kwanza imekwisha, yeye angelionaje? Nimeshuhudia usharika ukigawanyika katikati kwa jambo dogo kuliko hilo, nusu wakahamia kwingine. Wazee wenu huenda hawakukosa huruma. Huenda waliogopa kuvunja nyumba.

La pili, tusiligeuze kanisa kuwa shirika la misaada. Mitume wenyewe walisema haifai waliache Neno la Mungu wakahudumie mezani. Kazi ya kanisa ni kuhubiri na kuwalea watu katika Neno. Huruma ni wajibu wa kila Mkristo, mmoja mmoja. Wewe ungeweza kwenda kwa mama huyo bila kikao, bila azimio, bila mhuri. Silisemi hili kukulaumu, nalisema kwa sababu nimejiuliza mwenyewe mara nyingi.

Mkutano mkuu usiusome ukurasa huo. Utawasha moto usioweza kuuzima.

---

MchungajiMstaafu alijibu:

Karani, binti yangu, nimesoma maneno yako mara mbili. Na mzee mwenzangu hapo juu nimemsikia, kwa sababu hofu yake ni ya kweli. Lakini andiko alilolishika tulisome lote.

Matendo sura ya 6 inaanza na manung'uniko. Kanisa bado changa kabisa, mitume wote wapo, Roho ameshuka juzi tu, na tayari kuna wajane wanaorukwa. Wajane wa Wayahudi waliozungumza Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku, wale wa Waebrania wakapata. Angalia kitenzi chenyewe: walisahauliwa. Hakuna anayesemwa aliwafukuza. Kwa hiyo ukurasa wako wa mwezi wa nne ni wa zamani kuliko unavyodhani.

Mitume wakafanya nini? Hawakuwaambia wanung'unikaji wanyamaze ili kanisa lisigawanyike. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakakiri kuwa wao hawaiwezi kazi ile pamoja na kuhubiri, wakataka wachaguliwe watu saba. Soma majina yao katika mstari wa 5: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Inaelekea waliokabidhiwa huduma walitoka upande ule ule uliosahauliwa. Mimi hilo nililisoma nikiwa mchungaji kwa miaka zaidi ya ishirini kabla sijaliona. Kisha wakawekewa mikono, kama mtu anavyowekewa mikono kwa kazi takatifu. Na mstari wa 7 unasema Neno la Mungu likaenea. Meza na Neno havikugombana. Meza ilipotengenezwa, Neno lilienea.

Sasa kuhusu mfungwa. Kanisa la kale liliwahesabu wafungwa kuwa sehemu ya matumizi yake ya kawaida kabisa. Mnamo mwaka 155 hivi, Yustino, aliyekuja kuuawa kwa ajili ya imani, alimwandikia Kaisari Antonino Pio kueleza Wakristo hufanya nini wakikutana siku ya jua, yaani Jumapili. Anaeleza masomo, mahubiri, sala, mkate na kikombe. Halafu, papo hapo, anaeleza sadaka: wenye uwezo hutoa kila mmoja kwa hiari yake, inawekwa kwa msimamizi wa ibada, naye anawasaidia yatima na wajane, wagonjwa, waliofungwa na wageni. Anaandika hayo ndani ya maelezo ya ibada yenyewe. Hakuyatenga kwenye mengineyo.

Na kama ushahidi wa Mkristo hautoshi, yupo mtu wa nje. Lukiano wa Samosata, mwandishi wa karne ile ile ya 2, aliwaona Wakristo kuwa wajinga. Alisimulia habari za mtu mmoja, Peregrino, aliyefungwa akiwa miongoni mwao. Anasema kuanzia alfajiri wajane wazee na watoto yatima walionekana wakingoja karibu na gereza. Watu walitumwa hata kutoka miji ya Asia, jimbo la Kirumi la wakati ule, kwa gharama ya wote, kuja kumtetea na kumtia moyo. Kwa Lukiano ule ulikuwa upumbavu wa watu wanaodanganyika kirahisi. Mimi nikisoma naona aibu, kwa sababu nilikaa miaka kumi na moja katika usharika ulio karibu na gereza na niliingia humo mara mbili tu, zote kwa mwaliko rasmi.

Lipo pia jina dogo katika Waraka wa pili kwa Timotheo, sura ya 1: Onesiforo. Paulo anasema mtu huyo hakuuonea haya mnyororo wake, na alipofika Rumi alimtafuta kwa bidii mpaka akampata. Hatujui alihubiri nini, kama aliwahi kuhubiri. Tunajua alitafuta.

Kuhusu mkutano mkuu, binti yangu, usianzie hapo. Anza kwa mwenyekiti wako, wawili tu, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Mpelekee daftari. Usimpelekee hotuba. Mfungulie ukurasa, umwache asome mwenyewe.

---

NilikaaNjeYaLango alijibu:

Nimesita kuandika. Mimi nilikuwa mama huyo. Usharika mwingine, mambo mengine, lakini mume wangu alifungwa miaka minne na nusu na mimi nikabaki na benchi tupu pande zote mbili. Naijua hiyo nafasi. Unaweka mkoba pale ionekane kuna mtu anakuja.

Dada karani, nakuomba sana, usimtaje mkutanoni. Hata bila jina watajua. Kwangu mimi walinitaja. Ilikuwa kwa nia njema: baada ya miezi minane mtu mmoja alisimama kwenye matangazo akasema usharika umkumbuke dada yetu aliyepatwa na majaribu. Watu wote wakageuka. Binti yangu, wakati ule ana miaka kumi, akaniuliza kwa sauti, "Mama, wanatuangalia nini?" Jumapili iliyofuata hatukwenda.

Walikuja pia nyumbani, mara moja. Walikuwa tisa. Nikahangaika kutafuta pa kuwakalisha. Waliimba, waliomba kwa zamu, mmoja akahubiri kwa ufupi juu ya Ayubu. Waliondoka bila mtu hata mmoja kuniuliza, "Wiki hii unahitaji nini?" Nilihitaji mtu wa kukaa na watoto siku ya kumtembelea baba yao. Basi. Saa tano au sita, mara moja kwa mwezi. Kama kuna aliyeuliza, ningelia kwa furaha.

Aliyeniokoa alikuwa mwanamke ambaye hata si mzee wa kanisa, anafagia na kupanga vitabu vya nyimbo. Alikuja peke yake, akagonga, akasema, "Sikujua niseme nini, ndiyo maana nimechelewa kuja. Nisamehe." Hakuuliza habari za kesi. Hakuniuliza kama ni kweli. Aliona nguo za watoto zimelundikana, akaketi akaanza kukunja. Tulikunja zote. Alipokuwa anaondoka aliuliza siku ya kutembelea gereza ni ipi. Mwezi uliofuata alikuja asubuhi, akabaki na watoto. Akaja na uliofuata. Alikuja hivyo mpaka mume wangu alipotoka.

Mzee hapo juu anasema huruma ni ya mtu mmoja mmoja. Nakubali nusu, maana aliyekuja kwangu alikuja mmoja. Lakini usharika ulikuwa na watu mia na kitu, na nilimpata mmoja tu. Kama yule mama angeugua mwaka ule ningekuwa na nani?

Na jambo moja ambalo wenye nia njema hawalijui: mke wa mfungwa akiacha kwenda kanisani, si kwa sababu amekosana na Mungu. Mimi nilikuwa naomba kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Nilichoshindwa ni kupita mlangoni na kusalimiwa kama mgonjwa wa kuambukiza.

---

KaraniWaBaraza aliandika tena:

Dada uliyekaa nje ya lango, nimesoma maneno yako nikaweka simu pembeni nikalia. Nimeacha wazo la kusoma ukurasa mkutanoni.

Mzee wangu, sentensi yako kwamba ningeweza kwenda bila kikao imenichoma, na umesema kweli. Nilijiona msafi kwa kuwa mimi ni mwandishi tu, wanaoamua ni wengine. Lakini nina miguu. Nyumba yao naijua.

Mchungaji, shikamoo, na asante. Nitampelekea mwenyekiti daftari Jumamosi.

---

SautiYaNne alijibu:

Mimi ni mwimba kwaya tu, si kiongozi, ila nilikuwa kwenye kamati yetu ya vijana tulipobadilisha utaratibu, labda utawasaidia.

Zamani kwetu pia habari za watu zilikuwa kwenye mengineyo. Mkifika hapo saa imekwenda, watu wamechoka, kila mtu anataka kuondoka, kwa hiyo kila jambo la mtu linaahirishwa. Si ubaya wa moyo, ni saa. Tukahamisha. Baada ya sala ya kufungua, kabla ya fedha, yanasomwa majina: nani anaumwa, nani amefiwa, nani hajaonekana. Na kila jina haliondoki mezani mpaka pembeni yake pameandikwa jina la atakayekwenda na siku atakayokwenda. Kikao kinachofuata kinaanza kwa huyo kusema alikwenda au hakwenda.

Mwanzoni tulikosea. Tukaanza kuhesabu waliokosa ibada kama wanafunzi watoro, mtu akikosa Jumapili tatu anatembelewa, na anayetembelea anauliza "kwa nini huji?" Watu wakachukia, na walikuwa na haki. Mama mmoja mzee alisema mlangoni, "Mmekuja kunitazama au kunikagua?" Tukaliondoa swali hilo. Sasa tunauliza hali, na tukiambiwa kuna jambo la kufanya tunalifanya, tukiambiwa hakuna tunakaa kidogo tunaondoka. Kikao cha fedha kimekuwa kifupi zaidi, sijui kwa nini.

---

KaraniWaBaraza aliandika baada ya wiki tano:

Wapendwa, niliahidi kimoyomoyo nisirudi hapa mpaka niwe nimefanya kitu. Nimerudi.

Nilianza kwa mwenyekiti kama mchungaji alivyoelekeza. Nikamfungulia ukurasa, nikanyamaza. Alisoma, akafunua mbele, akafunua tena mbele, kama nilivyofanya mimi. Kisha akavua miwani akasema, "Nilidhani mtu mwingine alikwenda." Nikamwambia nami nilidhani hivyo. Tukagundua kwamba wote kumi na mmoja pengine tulidhani hivyo hivyo.

Kabla ya kwenda kwa mama, alisema, ni lazima tumwone kwanza aliyeibiwa. Hapo nilimkumbuka mzee wa jukwaa hili na hofu yake, nami niliogopa. Tulimkuta nyumbani, tukamweleza tunataka kuitembelea familia ya yule ndugu, na kwamba hatutaki aone tunapima hasara yake kuwa kitu kidogo. Alikaa kimya muda. Kisha akasema maneno ambayo ningeyaandika kwenye daftari kama ningeruhusiwa: "Mlimkimbia yule mama kwa ajili yangu? Mimi sikuwaomba. Na kwangu pia hamkuja." Ni kweli. Hatukwenda kwake. Tulikuwa tumemtumia kama sababu, na yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza analalaje usiku. Amepoteza fedha, amempoteza na rafiki, maana walikuwa marafiki. Tulikaa naye mpaka jioni. Hajamsamehe yule ndugu, amesema wazi, na hatukumsukuma. Alisema tu, "Watoto hawakuiba."

Kwa mama nilikwenda peke yangu. Dada wa lango, nilifanya ulivyosema. Sikupeleka watu tisa. Nilipofungua mdomo nilisema nimechelewa, anisamehe. Hakunikaribisha haraka. Alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, akaniuliza, "Wamekutuma?" Nikasema hapana. Akaniuliza tena. Nikasema hapana, ila mimi ndiye karani, na mwezi wa nne niliandika jina la familia yenu kwenye daftari na sikulirudia. Sijui kwa nini nilimweleza hivyo, lilinitoka. Akaniangalia, kisha akaondoa mkono mlangoni.

Ndani, kitabu chake cha nyimbo kilikuwa kwenye rafu, jalada limeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Ndani yake aliweka orodha ya nyimbo alizoimba na watoto kila Jumapili nyumbani, tarehe pembeni. Hakukosa hata moja. Jumapili zile zote tulizodhani ameacha kanisa, alikuwa na ibada saa ile ile yetu.

Nikauliza wiki hii anahitaji nini. Hakutaja fedha. Alisema mtoto wake wa katikati anamwuliza kila siku kwa nini rafiki yake wa shule ya Jumapili haji tena kucheza naye. Nikamjua mtoto huyo rafiki. Ni wa mjumbe wa baraza. Nilikwenda kwa mjumbe yule jioni ile ile, kabla sijaogopa. Watoto wamecheza mara tatu sasa.

Wiki iliyopita mwenyekiti na mjumbe mwingine walikwenda gerezani siku ya kutembelea. Langoni wakapewa daftari la wageni: jina, saa, uhusiano na mfungwa. Mwenyekiti aliniambia alishika kalamu hapo kwenye "uhusiano" mpaka askari akamwuliza kama hajui kuandika. Aliandika "ndugu". Yule ndugu alipoletwa na kuwaona alidhani kuna aliyefariki, kwa sababu hakuna mtu wa kanisa aliyewahi kuja.

Kwenye kikao cha juzi majina yalisomwa kabla ya fedha, kama SautiYaNne alivyoeleza. Yalikuwa saba. Mmoja wa wazee alilalamika kwamba tutachelewa, na tulichelewa kweli, karibu saa nzima. Mawili kati ya majina yale sikuwa nimewahi kuyaandika mahali popote kwa miaka sita. Mkutano mkuu ni mwezi ujao. Taarifa nimeiandika upya, na mwenyekiti amekubali iwe na sehemu ya mambo tuliyoahirisha na hatukuyarudia, bila jina la mtu yeyote. Atakayeisoma ni yeye mwenyewe.

Mama hajarudi kanisani. Sijamwuliza atarudi lini, na sitamwuliza. Mwezi ujao siku ya gereza ni yangu kukaa na watoto.